Treni ya kwenye simu, mabehewa ya kweli na mikono isiyolipwa

KATIKA kata ya Nkunga, wilayani Rungwe, mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bila kukanyaga behewa la treni hata mara moja. Reli iliyo karibu ni ya TAZARA, na ili aione inabidi apande gari kwenda Mbeya kupitia Uyole. Hata hivyo mtoto huyo huyo, akiachiwa simu ya mama nusu saa wakati mvua ya Rungwe imegoma kukatika, atakutajia vichwa vya treni kwa majina kama anavyowataja binamu zake. Atakuambia habari za Thomas. Atakuambia pia habari za Nia, kichwa cha rangi ya chungwa kutoka Kenya, ambacho kiliingizwa kwenye katuni hizo mwaka 2018 kikiwa na jina la Kiswahili.

Wazazi wengi huziacha katuni hizo zicheze kwa sababu hazina matusi wala mapigano. Wachache wanajua kwamba zilianza na baba aliyekuwa akimbembeleza mwanawe mgonjwa. Wachache zaidi wanajua kwamba baba huyo aliwahi kufanya kazi bila malipo kwenye reli ndogo iliyookolewa na watu wa kujitolea, reli ambayo mabehewa yake ya miaka ya 1860 yangali yanabeba abiria hadi leo.

Baba huyo ni Wilbert Awdry, mchungaji wa Kanisa la Anglikana nchini Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mtoto wake Christopher aliugua surua, na ili atulie kitandani baba alimtungia visa vya vichwa vya treni vinavyoongea. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945. Miaka michache baadaye Awdry alisikia kwamba huko Wales kuna reli inayoendeshwa na watu wa kujitolea. Mwaka 1952 alikwenda kusaidia, akapewa kazi ya ugadi, yaani yule anayepuliza filimbi na kupeperusha bendera ya kuondokea. Siku moja aliruhusu treni iondoke na kumwacha stesheni mama anayeuza chai na vitafunwa. Kosa hilo hakulificha. Aliligeuza kisa, akakiweka kwenye vitabu vyake.

Reli isiyokufa na mwenyewe

Reli hiyo inaitwa Talyllyn. Inaanzia mji mdogo wa Tywyn, pwani ya Wales, na kupanda bondeni kwa maili saba na ushei. Ilijengwa miaka ya 1860 kuteremsha mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimboni. Machimbo yalifungwa mwaka 1946, lakini mmiliki wa reli, Sir Henry Haydn Jones, alikuwa ameahidi kuwa treni haitasimama maadamu yeye yu hai. Alitimiza ahadi. Alipofariki Julai 1950 reli ilikuwa hoi: reli zenyewe zimelika, magogo yameoza, na kati ya vichwa viwili vilivyokuwapo ni kimoja tu, Dolgoch, kilichoweza kutembea.

Oktoba mwaka huo mwandishi aitwaye Tom Rolt na wenzake waliitisha mkutano hotelini Birmingham. Waliuliza swali ambalo wengi waliliona la kitoto: je, watu wa kawaida, wenye kazi zao za ofisini na madukani, wanaweza kuendesha reli siku za mapumziko? Mei 1951 walibeba abiria wao wa kwanza. Reli ya namna hiyo ilikuwa haijawahi kuonekana duniani. Leo Uingereza peke yake ina reli nyingi za aina hiyo, na karibu kila moja ina karakana ambamo mabehewa yaliyooza yanarudishiwa uhai.

Watu wengi hukimbilia kupiga picha kichwa cha treni, kwa sababu kinatoa moshi na kelele. Lakini anayekaa kichwani ni dereva na mwenzake. Familia, yaani mama aliyebeba mtoto, babu mwenye fimbo na wanafunzi wanaorudi likizo, zilikaa kwenye behewa. Kama kuna kitu kinachobeba kumbukumbu za watu, ni hilo.

Mabehewa ya kwanza ya Talyllyn yana ajabu moja ambayo watoto huipenda: yana milango upande mmoja tu. Reli ilipokaguliwa kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria, mkaguzi wa serikali aligundua kwamba madaraja yaliyopita juu ya njia yalikuwa membamba mno. Abiria ambaye angefungua mlango chini ya daraja na treni ikasimama asingepata pa kupitia. Badala ya kubomoa madaraja, milango ya upande mmoja ilifungwa moja kwa moja na njia ikasogezwa kidogo ili upande wa pili upate nafasi. Kosa la vipimo la miaka zaidi ya 150 iliyopita bado linaonekana kwa macho.

Behewa lililokuwa banda

Mabehewa mengi ya zamani hayakunusurika kwa sababu mtu aliona yana thamani ya kihistoria. Yalinusurika kwa sababu yalifaa kwa kitu kingine. Reli za Uingereza zilipoyachoka ziliuza bodi zake za mbao kwa bei ya kutupa, na watu wakazifanya mabanda ya kuku, stoo za majembe, na hata nyumba za likizo kando ya bahari. Kwenye kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, sehemu kubwa ya mabehewa yanayotembea leo yalitolewa kwenye makazi ya namna hiyo, wengine wakiwa wamelala na kupika humo kwa miongo mingi.

Mfano maarufu zaidi ni behewa namba 353 la reli ya Metropolitan ya London, lililotengenezwa mwaka 1892. Baada ya kustaafishwa liliishia kuwa kibanda kijijini. Likachukuliwa na jumba la makumbusho, na miaka mingi baadaye likapelekwa Wales, kwenye karakana ya Boston Lodge ya reli ya Ffestiniog, ambayo nayo iliokolewa na watu wa kujitolea miaka ya 1950. Januari 2013, reli ya chini ya ardhi ya London ilipotimiza miaka 150, kibanda hicho cha zamani kilikuwa kinavutwa na kichwa cha mvuke chini ya jiji, kikiwa na abiria ndani.

Ni vizuri kujua kazi hiyo inakwendaje, kwa sababu fundi seremala yeyote wa Tukuyu angeielewa mara moja.

Kwanza hawagusi kitu. Wanapiga picha, wanapima, wanachora. Kila ubao unaobanduliwa huandikwa namba, na kila skrubu huwekwa kwenye kopo lake, kwa sababu skrubu ya zamani ina unene ambao dukani haupo tena. Kisha wanakwangua rangi mahali padogo, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayemenya kitunguu. Chini ya kijani hutokea kahawia, chini ya kahawia hutokea nyekundu, na pengine chini kabisa hutokea herufi za dhahabu na namba ambayo hakuna aliyekuwa anaijua. Hapo ndipo behewa lisilo na jina linapopata cheti chake cha kuzaliwa.

Halafu wanatafuta uozo. Mahali pake panajulikana. Dirisha la behewa la zamani lilikuwa linateremshwa ndani ya mlango kwa mkanda wa ngozi, na kila mvua ilipopiga maji yalifuata kioo hadi chini. Kwa hiyo juu mbao inaweza kuwa ngumu kama chuma, na mhimili wa chini ukachomoka mkononi kama keki. Anayejua hukata sehemu iliyooza peke yake na kuunganisha mbao mpya ya aina ile ile. Asiyejua hubadilisha kila kitu, na mwisho anakuwa ametengeneza behewa jipya linalofanana na la zamani. Ubishi wa wapi pa kukata umevunja urafiki katika karakana nyingi, na si ubishi wa bure.

Baada ya hapo ni paa, ambalo huvikwa turubai lililolazwa juu ya rangi nzito lisivuje. Halafu mafundi makochi wanashona viti na kurudisha manyoya ya farasi ndani yake. Wachoraji wanapaka rangi, wanapiga msasa, wanapaka tena, na tena, mpaka ubao uakisi sura ya mtu. Mabehewa yaliyokuwa mabanda huwa hayana magurudumu, kwa sababu chuma kiliuzwa zamani. Hapo hutafutwa fremu ya behewa jingine lenye umri mdogo, inakatwa au kurefushwa, na bodi ya babu inakalishwa juu ya miguu ya mjukuu. Behewa moja linaweza kula miaka kadhaa ya Jumamosi.

Fedha haikosekani kwenye hadithi hii. Watu hawalipwi, lakini mbao, chuma na bima vinalipiwa, kwa ada za wanachama, nauli za watalii na michango. Anayesema kujitolea ni bure hajawahi kununua galoni ya vanishi.

Mtoto aruhusiwe au asiruhusiwe?

Hapa ndipo jambo lenyewe linapomgusa mzazi. Wengi wanaofanya kazi hii ni wastaafu. Wanajua kusikia bolti iliyolegea kwa kuigonga, wanajua mbao iliyokauka kwa kuinusa, na elimu hiyo haimo kwenye kitabu. Wakiondoka kabla ya kumwachia mtu, inaondoka nao. Reli nyingi zimejibu kwa kuanzisha vikundi vya vijana, ambako mtoto huanza kwa kufagia, kung'arisha shaba na kupanga vifaa, na kadiri anavyokua anapewa brashi, kisha randa.

Lakini Uingereza ina sheria ya mwaka 1920 iliyotungwa kuwatoa watoto viwandani na migodini, na reli imo kwenye orodha yake. Wanasheria walipoisoma upya waliona kwamba hata mtoto asiyelipwa, anayeshinda karakanani Jumamosi akiwa na babu yake, anaweza kuhesabiwa kuwa ameajiriwa kinyume cha sheria. Mbunge wa Baraza la Malodi, Lord Faulkner, alipeleka muswada ili reli hizi ziondolewe kwenye katazo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria iliyowalinda watoto dhidi ya waajiri wakatili sasa inawazuia kujifunza kutoka kwa wazee wao.

Wenye hofu nao wana hoja. Karakana si uwanja wa mpira. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likivutwa na mtoto huathiri ubongo unaokua. Baadhi ya mabehewa ya katikati ya karne iliyopita yalifungwa asbesto ukutani. Ndiyo maana kwenye karakana zinazojiheshimu mtoto hakaribii kazi ya kukwangua, na watu wazima wanaoifanya huvaa barakoa na kulowesha rangi kwanza isitimue vumbi. Mzazi wa Nkunga anayetaka kupaka upya mlango wa mbao wa nyumba ya babu, au kitanda cha zamani, angefaa kuchukua tahadhari hiyo hiyo: asikwangue rangi kavu watoto wakiwa karibu, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumkosesha shule, na inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Kati ya mipaka hiyo kuna nafasi kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Kijana wa miaka 15 kupiga msasa mguu wa meza kwenye karakana ya mjomba wake siku ya Jumamosi hajadhulumiwa. Akipelekwa kwenye mashine ya kupasulia mbao, hilo ni jambo jingine.

Namba 12 ya Nairobi

Afrika Mashariki haina reli ya kujitolea kama Talyllyn, ila haikukosa watu waliokataa kuona kila kitu kinayeyushwa. Mwaka 1971, shirika la reli likiwa bado la nchi tatu, lilifunguliwa Jumba la Makumbusho ya Reli Nairobi, hatua chache kutoka stesheni. Kuna vichwa vya mvuke uwanjani, vyombo vya mezani vya mabehewa ya chakula, na behewa moja ambalo watoto hulizunguka kwa woga: namba 12.

Juni 1900 behewa hilo liliegeshwa stesheni ya Kima, ambako simba alikuwa anakula watu. Ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, na wenzake wawili walipanga kumvizia kwa zamu za usiku. Zamu ya Ryall ilipofika usingizi ulimchukua. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma, na kwa uzito wake behewa likainama na mlango ukajifunga nyuma yake. Alimnyakua Ryall na kutoka naye dirishani. Mtoto anayesimama mbele ya dirisha hilo leo hupima udogo wake kwa macho, na hahitaji kuelezwa zaidi.

Mabehewa ya reli zetu yana mambo mengine yasiyopendeza. Yalijengwa kwa madaraja, na wakati wa ukoloni Mwafrika alikuwa wa daraja la tatu, benchi la mbao, hata kama nauli ya daraja la juu alikuwa nayo mfukoni. Reli ya Uganda yenyewe ilijengwa kwa jasho la vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Benchi la daraja la tatu likichomwa kuni, ushahidi huo unakwenda na moshi. Mzazi akilikuta benchi hilo makumbusho, amketishe mtoto mbele yake na kumweleza ukweli wote.

Uganda nayo ilifungua makumbusho ya reli mjini Jinja mwaka 2022, kwenye stesheni ya zamani. Tanzania, yenye reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, sasa imehamia kwenye treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Abiria wamefurahi, na wana haki. Ila kila treni mpya huifanya ya zamani kuwa chuma chakavu, na chuma chakavu kina bei.

Rungwe iliyokuwa na magurudumu

Watu wa Rungwe wana sababu yao wenyewe ya kulifikiria hilo. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza vichwa 34 vya mvuke kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye njia ya upana wa mita moja. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 na kilivuta mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kulikuwa na Mount Kenya, Mount Kilimanjaro, Mount Meru. Namba 5920 iliitwa Mount Mbeya. Namba 5916 iliitwa Mount Rungwe.

Kwa hiyo wilaya isiyo na hata futi moja ya reli iliwahi kuwa na kichwa cha treni kilichobeba jina lake, kikipanda kutoka pwani usiku na mchana, mbali na migomba na mashamba ya chai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vichwa hivyo vyote vilikuwa vimestaafishwa. Kati ya 34 vimebaki viwili. Rungwe na Mbeya havimo.

Kilichobaki karibu na Nkunga ni TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mabehewa yake ya kwanza sasa ni ya nusu karne. Kijana aliyeajiriwa akiwa na miaka 20 treni zilipoanza sasa amepita 70. Mbeya na miji mingine ya njia hiyo ina wazee waliokuwa madereva, magadi, mafundi mabehewa na wapiga ishara, na wengi hawajawahi kuulizwa na wajukuu wao kazi ile ilikuwaje. Simu inayomwonyesha mtoto Thomas na Nia ina kinasa sauti. Maswali ya kuanzia ni rahisi: behewa likilia kwa namna gani ndipo mlijua bearingi imekufa? Mlikula wapi? Nani aliwafundisha? Mzee akitaja kifaa ambacho mtoto hakijui, akichore.

Familia inayotaka kuona treni yenyewe inaweza kwenda stesheni ya TAZARA Mbeya, baada ya kuuliza kwanza siku ya treni, maana ratiba hubadilika. Wenye ndugu Nairobi wanaweza kuwapeleka watoto makumbusho wakati wa likizo. Huko wataona dirisha la Ryall, na nje watasimama chini ya magurudumu ya Mount Gelai, moja ya vile viwili vilivyonusurika. Mlima Gelai uko Arusha, karibu na Ziwa Natron. Ubavuni mwa kichwa hicho imeandikwa namba 5918, mbili tu mbele ya Rungwe.